Kondoo anakula vizuri kumbe ana mgeni ndani: Ami ajibu maswali yenu ya mifugo

Wiki hizi simu yangu imejaa meseji za kondoo na mbuzi, sijui ni kwa sababu Idi ya kuchinja iko karibu au ni huu ubaridi wa kusi unaokohoza mazizi yote kutoka Ganda mpaka Gongoni. Nimechagua nne tu manake nafasi ni ndogo. Moja imenila ukurasa karibu wote, lakini aliyeuliza ni kijana wa shule na kauliza swali ambalo wataalamu wenyewe liliwatoa jasho, kwa hivo mnivumilie.

Asalaam aleikum Ami. Mi ni kijana wa Langoni, Amu (Lamu), niko kidato cha nne. Mwalimu wa bayolojia alitwambia kuna virusi vya kondoo ni ndugu wa virusi vya ukimwi, na vinakaa ndani ya mnyama miaka na miaka. Nikamuuliza, kama kinga ya mwili inaviona mbona haivimalizi, na kama vinazaliana mbona kondoo hafi haraka? Akanambia nenda kasome. Nisaidie Ami.

Waaleikum salaam mwanangu. Mwalimu wako hakukosea, na wewe umeuliza penyewe.

Twende kwanza Iceland, kile kisiwa cha baridi huko juu kabisa. Mwaka 1933 waliagiza kondoo 20 wa aina ya karakul kutoka mji wa Halle, Ujerumani, wakitaka kuboresha mbegu yao. Walivyofika waliwekwa karantini miezi miwili, wakaangaliwa, wazima, wanakula, manyoya yanang'aa, bas wakagawiwa wafugaji sehemu mbalimbali. Miaka ikapita. Kufika 1939 ndo ikajulikana kuna jambo: kondoo wakubwa, si watoto, wanabaki nyuma ya kundi wakienda malishoni, wanahema kama wamekimbizwa na hakuna aliyewakimbiza, wanakula lakini wanakonda, mwisho wanakufa. Wenyewe wakauita ugonjwa huo maedi, kwa lugha yao ni kuhema. Wengine mapafu yao hayakuwa na shida, ila miguu ya nyuma ilianza kulegea, mnyama anaburura kiuno mpaka analala hainuki tena, huo wakauita visna, yani kunyauka. Baadaye ikaonekana ni virusi vilevile, ila huku vimeshika mapafu na kule vimeshika ubongo. Kuumaliza ilibidi wachinje makundi mazima, waliokuwa wagonjwa na waliokuwa wazima pamoja, kondoo kama 650,000 hivi, na mnyama wa mwisho mwenye ugonjwa alionekana 1965. Hebu piga hesabu, kutoka kondoo 20 waliopita karantini vizuri kabisa.

Aliyekaa na jambo hili akalifikiria sana ni daktari mmoja wa hukohuko anaitwa Björn Sigurdsson, alikuwa na maabara pale Keldur nje kidogo ya Reykjavik. Mwaka 1954 alikwenda London akatoa mihadhara, akasema tumezoea magonjwa ya aina mbili, yale ya haraka yanayokuja yakaondoka, na yale sugu yasiyo na mpango maalum, lakini huu wa kondoo ni wa tatu: unakaa kimya miezi au miaka, na ukishaanza unakwenda njia moja tu mpaka mwisho. Akauita ugonjwa wa polepole. Hata jina la ukoo wa virusi hivi, lentivirusi, limetokana na neno la Kilatini la polepole.

Sasa hapa ndo penye utamu. Mwaka 1957 yeye na wenzake walifaulu kuotesha virusi vya visna kwenye seli za kondoo ndani ya chupa ya maabara. Na humo ndani ya chupa, mwanangu, havikuwa polepole hata kidogo! Siku chache tu seli zinavimba, zinaungana, zinakufa. Kwa hivo upole si tabia ya kirusi peke yake. Kuna kitu ndani ya kondoo mzima ambacho chupani hakipo. Sigurdsson mwenyewe hakuwahi kuona jibu, alifariki 1959 bado kijana, na jibu lilichukua zaidi ya miaka 20 kupatikana.

Jibu lina vipande viwili, na ukivichanganya utapotea.

Kipande cha kwanza ni namna kirusi kinavyoingia kwenye urithi wa seli. Maagizo yake yameandikwa kwa RNA, na seli yako maagizo yake yako kwa DNA. Kirusi hiki kinakuja na kimeng'enya chake, yani protini ya kufanyia kazi, cha kugeuza RNA ikawa DNA, kinyume na mambo yanavyokwenda kawaida, na wazungu wawili, Temin na Baltimore, waligundua kimeng'enya hicho 1970 kila mmoja kwake. Alafu kimeng'enya kingine kinaichukua ile DNA mpya kinaishona ndani ya DNA ya seli. Nasema kushona na namaanisha kushona. Wewe ni wa Amu, umeona mafundi wa kofia za vito wakikaa barazani na sindano, tundu moja moja, kofia moja inakula miezi. Sasa fikiria mtu kaiba kofia usiku, katia mshono wake mdogo katikati ya nakshi, karudisha. Huwezi kuuvuta uzi ule bila kufumua kofia. Na kila fundi atakayeiga ile kofia, ataiga na mshono wa mwizi ndani yake. Seli ikigawanyika, kirusi nacho kimegawanyika, bila kuzaliana, bila kutoka nje, bila kujulikana. Kwa hivo swali lako la kwamba kinga inakiona, jibu ni kwamba muda mwingi hakuna cha kuona.

Kipande cha pili ni seli gani imeshonwa. Hapa watafiti walikuna vichwa sana. Mwaka 1977 kina Ashley Haase walionyesha kwamba kwenye mwili wa kondoo aliyeambukizwa, seli nyingi zina DNA ya kirusi lakini chache mno ndo zinatengeneza protini zake. Zimebeba mzigo lakini zimefunga mdomo. Mwaka 1985 kina Gendelman na Narayan wakafuatilia mpaka wakafika kwenye uboho wa mifupa, mlemle zinamozaliwa chembe nyeupe za damu. Mtoto wa seli anaambukizwa akiwa bado kwenye uboho, anakua anaitwa monosaiti, anaingia kwenye damu, anazunguka siku moja mbili tatu hivi, na muda wote huo kirusi ndani yake kimenyamaza au kinanong'ona tu. Alafu monosaiti inatoka kwenye damu inaingia kwenye mapafu, au ubongo, au kiwele, au kwenye viungo, na ikishatulia hapo inakomaa inakuwa makrofeji, ile seli kubwa inayokula uchafu. Na zile swichi ambazo seli inaziwasha ili ikomae, ndo hizohizo kirusi kimezitegea. Seli inajiwashia taa yake, kumbe imemuamsha na mgeni.

Nikupe mfano wa kwenu tena. Jahazi linatoka Amu limejaa boriti za mikoko, na mtu kajificha chini ngamani. Pale forodhani askari wanaangalia wanaona boriti. Bahari nzima nahodha hajui. Jahazi likishafunga bandari ya mbali na mizigo ikishushwa, ndo jamaa anatokea, na keshafika. Damu ndo bahari, askari ni kinga ya mwili. Wanakagua kila chombo kinachopita na wanakagua vizuri tu, ila mgeni hana anachokionyesha nje.

Ndo maana kwenye chupa vinakimbia na ndani ya kondoo vinatambaa. Chupani seli zote ziko tayari kumtumikia. Mwilini wenye taa iliyowaka ni wachache kwa wakati mmoja, leo kumi kwenye pafu hili, kesho ishirini kwenye kiwele, na uboho unaendelea kuleta wengine wapya.

Umeuliza mbona hafi haraka, na nyuma yake kuna swali lingine hukuliuliza: sasa anakufa na nini? Jibu linashangaza watu. Sehemu kubwa ya madhara inaletwa na kinga yenyewe. Makrofeji ikianza kuonyesha protini za kirusi, walinzi wanakuja kwa wingi, wanajazana pale, wengine hawaondoki, mapafu yanazidi kuwa mazito mwaka hata mwaka. Mi nimekaa machinjioni miaka mingi, nshashika mapafu ya kondoo mpaka sihesabu. Pafu zima ni la rangi ya waridi, jepesi, ukifungua kifua tu linanywea lenyewe, ukilibonyeza kwa dole gumba linatoa mlio mdogo kama povu la sabuni. Pafu la maedi halinywei. Linabaki limejaa, la kijivu, limechorwa alama za mbavu, ukilibonyeza ni kama kubonyeza mpira wa kandambili, na uzito wake mara mbili mara tatu ya kawaida. Sasa hewa itapita wapi.

Na kuna jambo la mwisho alafu nikuache ukasome. Kile kimeng'enya cha kugeuza RNA kinakosea sana na hakina tabia ya kupitia kazi yake mara ya pili, kwa hivo kila kizazi cha kirusi kina sura imebadilika kidogo. Kingamwili, yani protini ambazo mwili unazitengeneza kukishika na kukizuia, zinachelewa kutokea, wiki nyingi au hata miezi, na zikitokea zinaijua sura ya jana. Lakini usije ukaandika kwenye mtihani kwamba hiyo ndo sababu kuu, manake sura ya kwanza nayo mara nyingi bado ipo mwilini inaendelea zake. Sababu kuu ni kule kunyamaza.

Undugu na ukimwi ni wa kweli, ni ukoo mmoja wa lentivirusi, na virusi vya ukimwi vilipopatikana 1983 kule Paris wataalamu wa kondoo ndo waliokuwa wanajua tayari mambo ya namna hii. Tofauti kubwa ni kwamba vya binadamu vinashambulia pia zile seli za kinga zinazoitwa CD4, ndo mtu anaishiwa kinga. Vya kondoo haviendi huko, kwa hivo kondoo hapati ukimwi, anapata mapafu, kiwele, viungo au ubongo. Na havimwingii binadamu. Hilo liandike kwa wino mzito manake najua maneno ya barazani yanavyotembea.

Ami, ni kweli yule kondoo Dolly wa Uingereza aliyetengenezwa maabara alikufa na ugonjwa huuhuu? Msomaji, Malindi mjini.

Hapana kaka, ila umekaribia. Dolly alikufa Februari 14, 2003, akiwa na miaka sita, alipigwa sindano ya kumpumzisha kwa sababu alikuwa na uvimbe kwenye mapafu unaoletwa na kirusi kingine kinachoitwa kwa neno la Kiafrikana, jaagsiekte, maana yake ugonjwa wa kukimbizwa. Hicho nacho ni retrovirusi, yani kinageuza RNA ikawa DNA vilevile, lakini si wa ukoo wa polepole, chenyewe kinaleta saratani. Dalili yake huwezi kuisahau ukishaiona: ukimnyanyua kondoo miguu ya nyuma kama unasukuma mkokoteni, maji yanamwagika puani. Wale karakul wa 1933 walipeleka na huu pia Iceland, yani walifunga safari na kila kitu.

Ami, nina kondoo wangu wa Kisomali, kichwa cheusi, nimemlea kwa ajili ya kurbani. Ana kikohozi kidogo asubuhi. Nimesoma habari za virusi nimeingiwa na hofu, nyama yake italiwa? Baba wa Shela.

Baba, tulia kwanza. Kikohozi cha asubuhi huku kwetu kina mambo mia kabla hujafika kwa virusi vya polepole: vumbi la banda, minyoo ya mapafu, mafua, na ikizidi homa ya mapafu yenyewe. Angalia kama anakula, anacheua, kinyesi kiko sawa, pua haina usaha, pumzi haiendi mbio akiwa amelala kivulini. Lini umempa dawa ya minyoo mara ya mwisho? Najua jibu, wala usiniambie. Ila ukimpa sasa angalia kwenye chupa siku za kungoja kabla ya kuchinja, hesabu vizuri na Idi iko hapo.

Virusi nilivyoeleza juu havimwingii mtu, na nyama iliyokaguliwa na mkaguzi ikapigwa muhuri ni nyama. Kama kikohozi kinazidi muite afisa wa mifugo amuone mapema, si asubuhi ya Idi wakati watu wameshasimama na visu. Na kama anafaa kwa kurbani au hafai kisheria, hilo si langu, muulize shekhe wako, mi nakwambia ya mapafu tu.

Hujambo Ami. Nina mbuzi watatu wa maziwa niliwanunua kutoka bara, wale wa masikio ya kusimama. Mmoja magoti ya mbele yamevimba yapata mwaka, anatembea kama ajuza. Wa pili alizaa, kiwele kikawa kigumu kama jiwe lakini hakina moto wala wekundu, maziwa hakuna. Jamaa wa agroveti amenipigia sindano awamu mbili, pesa zimekwisha na kiwele kiko vilevile. Wa tatu ana mimba, amebakisha kama wiki mbili. Nifanyeje, na hakuna dawa kama zile ARV? Mama wa Gongoni.

Sijambo mamangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Ulivyoeleza, magoti kuvimba polepole kwa mbuzi mkubwa na kiwele kigumu baridi baada ya kuzaa, kunanifanya niwaze binamu wa kile kirusi cha kondoo, cha mbuzi, ambacho wanakiita kwa kifupi CAE. Kilielezwa Marekani mwaka 1974, kwanza kwa watoto wa mbuzi wa miezi miwili mpaka minne waliokuwa wanapooza miguu, baadaye kwa wakubwa wenye viungo vibovu. Mbuzi wa maziwa wa mbegu za kizungu ndo kinawapata sana, na mnyama anaweza kuuzwa anang'aa, muuzaji mwenyewe hajui, mnunuzi hajui. Lakini nisikudanganye kwa kuangalia barua, magoti yanavimba pia kwa maikoplasma, aina ya bakteria, na kwa kuumia, na kiwele kina magonjwa yake. Kinachoamua ni damu. Nenda ofisi ya mifugo ya kaunti waombe wachukue damu ya wote watatu, maabara ya kanda iko Mariakani, hata kama sampuli italazimika kwenda mbele zaidi. Kipimo kinatafuta kingamwili, na kwa kuwa zinachelewa kutokea, mbuzi aliyetoka safi leo apimwe tena baada ya miezi kadhaa ndo umuamini.

Sindano za antibiotiki acha. Kama ni hiki kirusi hazikifanyii kitu, na nakuomba umuulize huyo jamaa wa agroveti kama alitumia sindano moja kwa wote watatu. Sindano yenye damu ya mmoja ikiingia kwa mwingine ni njia ya kuambukiza. Habari za ARV, wewe si wa kwanza kuuliza. Dawa zile zinazuia kirusi kisizaliane lakini haziondoi kile kilichoshonwa ndani ya seli, ndo maana hata binadamu hazikatizi. Mbuzi umnunulie dawa ya kila siku maisha yake yote, kwa lita mbili za maziwa? Hesabu haikubali. Chanjo nayo haipo, walijaribu na kuna majaribio ambayo mbuzi waliochanjwa ndo viungo vyao viliharibika zaidi, kwa ile sababu niliyomwambia kijana wa Amu, kinga ikichochewa inakwenda kuvunja nyumba.

Kwa hivo tuache wawili tumuangalie huyu wa tatu, manake hapa ndo unaweza kuokoa kitu. Njia kubwa ya kirusi hiki kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ni dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano mazito, pamoja na maziwa yanayofuata. Maziwa yamejaa makrofeji, na makrofeji ndo majahazi yetu. Tangu leo mtenge na wale wawili, chombo chake cha maji na cha chakula kiwe chake. Akikaribia kuzaa kaa naye, hata kama ni saa nane usiku. Mtoto akitoka mpokee na kitambaa safi kabla mama hajamlamba, mkaushe wewe, mtoe chumba kingine kabisa. Mama atalia na wewe utaona huruma, vumilia.

Mtoto lazima apate dang'a saa za mwanzo, bila hiyo atakufa na mambo mengine. Ukipata ya ng'ombe aliyezaa karibuni, kwa jirani, hiyo ni bora. Ukikosa, kamua ya mama yake uipashe nyuzi 56 kwa saa nzima. Hapo patakutoa jasho: ikipita nyuzi 60 inaganda kama uji na kinga yote inaharibika, ikiwa chini kirusi kinabaki. Mimi hutia dang'a kwenye chupa, chupa kwenye sufuria ya maji, kipimajoto ndani ya chupa, na moto wa makaa nauvuta pembeni kila ukipanda. Alafu naimimina kwenye thamosi iliyosuuzwa kwa maji moto kwanza, inakaa humo hiyo saa moja, nachungulia kipimajoto kila baada ya dakika kumi. Baada ya siku hizo za mwanzo mpe maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yakapoa, kwa chupa, mara nne kwa siku.

Usimpime damu akiwa mdogo, kingamwili za mama zinaweza kukudanganya. Ngoja apite miezi sita.

Kipimajoto cha maziwa utakipata Malindi kwa wale wanaouza vifaa vya mtindi. Kinunue wiki hii, na jirani mwenye ng'ombe mwenye mimba zungumza naye sasa hivi akuwekee dang'a kwenye friza kama ng'ombe wake atatangulia. Akizaa huyo mbuzi nitumie meseji, saa yoyote.